Ua-kengele la Zois: tengeneza ufa kwanza, mmea utafuata

Ukiniuliza ni nini hasa huua ua-kengele la Zois bustanini, sitakutajia baridi. Mmea huu, ambao kwa jina la kitaalamu ni Campanula zoysii, huvumilia baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Kinachoumaliza ni maji yanayotuama shingoni, pale shina linapokutana na mzizi, na koa anayetambaa usiku. Karibu kila ninachokueleza hapa, kuanzia jiwe la kuchagua hadi wakati wa kumwagilia, kinahusu hao maadui wawili. Kinga ya yule wa kwanza ni ufa wa jiwe, ndiyo maana nasisitiza: tengeneza ufa kwanza. Mmea utaununua baadaye.

Kwao ni kusini-mashariki mwa Alps, katika milima ya Julian, Karawanks na Kamnik, pale Slovenia inapopakana na Austria na Italia. Hukua kwenye nyufa za majabali ya chokaa, mara nyingi juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Karl Zois, mwanabotania aliyezaliwa mwaka 1756 na kufariki 1799, ndiye aliyeukusanya huko milimani. Franz Xaver von Wulfen, padri Mjesuiti aliyeishi Klagenfurt, akauandika kitaalamu na kuupa jina la Zois.

Mmea mzima hauvuki sana sentimita 10 kwa kimo. Majani ya chini ni madogo, yanang'aa, yana umbo la kijiko na hayana meno pembeni. Maua hutoka kiangazi, ya buluu iliyofifia, kila moja likiwa na urefu wa sentimita 2 hivi. Mdomo wake ndio unaolitofautisha na ndugu zake wote. Maua-kengele mengine hufunguka mdomo wazi, lakini hili limejikunja mwishoni, ncha zake tano zikakutana, kama mfuko uliokazwa kwa kamba. Nimelitazama mara nyingi kwa kioo cha kukuzia na bado sijalizoea.

Mdomo huo ndio utakaokusaidia wakati wa kununua. Aina mbalimbali za ukoo huu huchavushana na kuchanganyika bustanini kwa urahisi mkubwa, na mbegu zinazouzwa au kubadilishwa kwa jina la zoysii wakati mwingine huzaa kitu kingine kabisa. Kama unaweza, nunua mmea wenye ua angalau moja. Mdomo ukiwa wazi, uache. Na usifikirie kabisa kuung'oa mlimani. Mzizi wake umeingia ndani sana ya jabali, utakatika mkononi mwako, na ufa uliokuwa na mmea wa miaka mingi utabaki mtupu. Ukifika Slovenia na unataka kujifunza, nenda bonde la Trenta, kwenye bustani ya Alpinum Juliana iliyoanzishwa mwaka 1926 na Albert Bois de Chesne, mfanyabiashara wa Trieste. Simama utazame mawe yalivyokaa na mimea ilivyoingia katikati yake. Utaelewa mengi kuliko nitakayoandika mimi.

Kwa nini ufa

Fikiria mvua inavyonyesha kwenye ukuta wa mwamba. Maji mengi huteremka usoni mwa jiwe na kwenda zake. Machache huingia kwenye ufa, yakashuka ndani ambako ni baridi na jua halifiki. Mizizi hufuata unyevu huo, sentimita kadhaa wa kadhaa ndani. Huku juu, shingo ya mmea imebanwa na jiwe kavu, upepo unapita, na dakika chache baada ya mvua imeshakauka. Chini kuna maji na juu pakavu, kwa wakati mmoja. Kitanda cha kawaida cha maua hakiwezi kukupa hali hiyo hata ukichanganya mchanga kiasi gani, kwa sababu udongo tambarare huloa kote na kukauka kote.

Kisha kuna theluji. Huko juu mmea hufunikwa miezi mingi. Chini ya theluji joto hukaa karibu na sifuri bila kupandashuka, na mvua haiufikii mpaka majira ya kuyeyuka. Bustani za mabondeni hupata kipupwe cha namna nyingine: mvua leo, barafu kesho, jua keshokutwa, na mvua tena. Shingo iliyoloa ikiganda na kuyeyuka mara kwa mara hupasuka, kuvu huingia, na majira ya kuchipua yakifika unakuta kitu cha kahawia kinachotoka mkononi bila mizizi.

Jambo moja lazima niliseme mapema ili usipoteze juhudi: mmea huu unataka usiku wenye ubaridi hata kiangazi, na unataka kipindi cha baridi kweli cha kupumzika. Mahali ambapo usiku hauna tofauti na mchana, hakuna ufa utakaouokoa.

Kujenga kihori

Mimi hulipanda kwenye kihori cha jiwe, yaani chombo kama hori la mifugo. Sababu ni mbili: naweza kukiinua kutoka ardhini, na mmea unakaa karibu na macho yangu. Mmea wa sentimita 10 ukiuweka chini utausahau, na hili si ua la kusahauliwa.

Kihori cha jiwe halisi ni kizito, kwa hiyo wengi hujitengenezea cha saruji. Changanya saruji sehemu 1, mchanga mkali sehemu 1, na vumbi la makumbi ya nazi sehemu 2, ongeza maji mpaka ukikamua konzi moja yatoke matone machache tu. Finyanga kwenye maboksi mawili, moja ndani ya jingine, kuta ziwe na unene wa sentimita 5. Kina cha ndani kisipungue sentimita 20. Toboa sakafu yake kabla haijakauka, matundu kadhaa yenye upana wa sentimita 2 au 3, wala usiyaonee huruma. Kifunike kwa plastiki kikauke polepole kwa wiki chache, halafu kiache nje kinyeshewe kwa muda mrefu ili ukali wa saruji mbichi upungue. Kiinue juu ya matofali ili hewa ipite chini na maji yatoke bila kizuizi.

Mahali pake ni pale penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Jua kali la saa nane hulipausha ua na kuchemsha mawe.

Sasa mawe. Wakulima wa bustani wa Cheki ndio waliouendeleza sana mtindo wa bustani ya nyufa, na kanuni yao kubwa ni nyepesi kuieleza: mawe bapa husimamishwa wima, yote yakielekea upande mmoja. Tafuta mawe bapa ya chokaa. Yasimamishe kwa ubavu, yazame angalau nusu ya kimo chake, na yote yaegemee kidogo upande uleule kama tabaka za mwamba zilivyo mlimani. Kati ya jiwe na jiwe acha nafasi ya sentimita 1 hadi 2.5. Nyembamba kuliko hapo hutaweza kushindilia, pana kuliko hapo si ufa tena. Mawe yatokeze juu ya ukingo wa kihori kwa viwango tofauti. Chukua muda wako katika hatua hii. Yasogeze, yageuze, rudi nyuma uyatazame, kwa sababu ukishapanda hutayagusa tena.

Mchanganyiko wa kujazia: changarawe ya chokaa yenye chembe za milimita 3 hadi 6, sehemu 2, mchanga mkali wa chembe kubwa, sehemu 1, mboji ya majani iliyooza vizuri na kuchekechwa, sehemu 1. Mchanga laini wa kupigia lipu usiutumie, hushikana na kuziba. Samadi usiiguse. Mwaga mchanganyiko kidogo kidogo kwenye ufa na kila mara ushindilie kwa kijiti bapa. Hapa ndipo watu hulegea. Uwazi ukibaki ndani, mizizi ikifika hapo hukauka, na utabaki ukijiuliza kwa nini mmea umenyauka ilhali ulimwagilia.

Ukipata jiwe la tufa, lile la chokaa lenye vinyweleo, una njia nyingine ambayo naipenda hata zaidi. Toboa kwa keekee tundu lenye upana wa sentimita 2.5 na kina cha sentimita 8 hadi 10, likiteremka kwa mshazari, usilitoboe likatokea upande wa pili. Ingiza mche mchanga, jaza unga wa jiwe lenyewe uliochanganywa na mchanga. Tufa hunyonya maji kutoka chini na kuyagawa taratibu, kwa hiyo unamwagilia jiwe, si mmea.

Kupanda

Panda mapema majira ya kuchipua, baridi kali inapoanza kulegea. Kama kipupwe cha kwako ni kikavu, mwanzo wa vuli pia hufaa.

Mmea wa dukani huja kwenye kichungu chenye mboji laini inayoshika maji. Mboji hiyo usiiingize kwenye ufa. Loweka mzizi kwenye bakuli la maji, tikisa polepole, ondoa mboji kwa vidole na brashi laini mpaka mizizi ibaki mitupu. Najua inatia hofu kuutazama mmea mdogo ukining'inia hivyo. Lakini ukiuacha na donge lake, donge litabaki limeloa wakati changarawe imekauka, na mizizi haitakuwa na sababu ya kutoka humo. Ndiyo maana pia nachagua mimea michanga, hata miche ya mwaka uliopita, kuliko mikubwa inayojaza chungu. Michanga hukubali kubanwa, mikubwa huvunjika.

Laza mizizi ufani ikiwa imenyooka kwenda chini. Jaza mchanganyiko, shindilia, jaza tena. Shingo ikae sawasawa na uso wa mchanganyiko, kisha ibane kwa vijiwe viwili vidogo, kimoja kila upande. Malizia kwa sentimita 2 au 3 za changarawe tupu, uisukume mpaka chini ya majani. Majani yote yapumzike juu ya jiwe, hata moja lisiguse udongo. Mwagilia kwa mnyunyizo mwembamba mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha weka kivuli cha kitambaa chepesi kwa wiki mbili za mwanzo.

Mmea wa ukoo huuhuu uitwao Campanula cochleariifolia ni mzuri sana na ni rahisi mno kukuza; kama hujawahi kulima mimea ya majabali, anza na huo ujifunze mkono. Lakini usiupande kwenye kihori kimoja na huu. Hutambaa chini kwa chini, hutokeza kila ufa, na mpole mwenzake atamezwa.

Maji na chakula

Kuanzia machipukizi yanapoonekana mpaka maua yaishe, mmea una kiu kuliko watu wanavyodhani. Ni mmea wa nyufa zenye unyevu ndani, si wa jangwani. Mwagilia asubuhi, polepole, pembeni mwa mawe na si juu ya majani, mpaka maji yatoke chini. Kisha acha. Sukuma kidole kwenye changarawe: ukigusa ubaridi wa unyevu kwa kina cha sentimita 3, subiri. Wakati wa joto kali mimi humwagilia mawe yenyewe jioni, kwa kuwa jiwe lililopoa huupoza mzizi. Vuli ikianza, punguza. Kipupwe, kwa walio na kihori kilichofunikwa, hakuna kumwagilia isipokuwa mchanganyiko umekauka kabisa.

Mbolea: ya maji, yenye potasiamu nyingi, nusu ya nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, mara moja majira ya kuchipua. Mmea ukilishwa sana hunenepa, hulegea, na huwa mtamu zaidi kwa yule nitakayemtaja sasa.

Koa

Sijui mmea wa majabali unaopendwa na koa kuliko huu. Koa mmoja mdogo, wa urefu wa ukucha, anaweza kumaliza machipukizi yote kwa usiku mmoja, na mmea ukiliwa mpaka shingoni mara nyingi haurudi. Kwa hiyo hapa sina ulegevu wowote.

Watu watakuambia weka utepe wa shaba, au maganda ya mayai, au changarawe kali. Mwaka 2018 chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, kilitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa letusi: utepe wa shaba, changarawe, magome ya msonobari, vidonge vya sufu ya kondoo na maganda ya mayai, vyote havikupunguza uharibifu kwa kiasi cha kuonekana. Changarawe yangu ipo kwa ajili ya shingo ya mmea, siihesabu kuwa ni ukuta.

Ninachokiamini ni tochi. Usiku wenye unyevu, hasa baada ya mvua ya kwanza kufuatia siku kavu, toka ukaangalie. Mulika majani chini na juu, mulika kuta za kihori, mulika matofali yaliyokibeba. Waondoe kwa mkono au kibano. Mchana inua mawe yaliyo karibu na vyungu vilivyoegeshwa, kwa maana hapo ndipo wanapolala na kutaga mayai meupe yenye kung'aa. Usiache majani yaliyoanguka yakioza karibu na kihori.

Nematodi, yaani minyoo midogo sana, wanaowashambulia koa, Phasmarhabditis hermaphrodita, ni msaada wa kweli. Huchanganywa na maji na kumwagwa ardhini joto la udongo likishavuka nyuzi 5, na mimi huwamwaga kwenye udongo unaokizunguka kihori kabla machipukizi hayajatoka. Chembe za kuua koa zenye fosfeti ya chuma pia hufaa, chache tu, zikitawanywa mbalimbali. Zile za zamani zenye metaldehidi ziache. Uingereza ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nje mwaka 2022 kwa sababu ya madhara yake kwa ndege na wanyama. Kichungu kimoja kilicho na mche wa thamani unaweza kukisimamisha juu ya tofali lililo katikati ya sinia la maji. Hakikisha hakuna jani wala ukoka unaoegemea na kuwa daraja.

Vidukari huja pia, na utitiri mwekundu kama hewa ni kavu mno. Hao mnyunyizo wa maji na jicho la kila siku vinatosha.

Kipande cha kioo

Mvua za vuli zikianza kufululiza, funika kihori kwa kioo au plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Kiinue juu ya vigingi sentimita 10 hivi, kielemee upande mmoja maji yateleze, na pande zote ziachwe wazi. Watu hufikiri kioo ni cha kuleta joto. Kazi yake ni kuzuia mvua tu, na upepo lazima upite. Ukiziba pande, utapata ukungu wa kijivu kwenye majani kabla ya mwezi kwisha. Majani makavu ya mwaka uliopita yatoe kwa kibano, moja moja, kwa sababu kuvu huanzia hapo. Kioo kiondolewe machipukizi yanapoanza kutokeza.

Mbegu

Hata ukitunza vizuri kiasi gani, bustanini mmea huu hauishi sana. Kuwa na miche mipya wakati wote ni sehemu ya utunzaji wake.

Katika maua-kengele, chavua humwagwa juu ya ufito wa kike ulio katikati ya ua wakati ua bado ni tumba, ikashikwa na vinywele vidogo. Baadaye vinywele hunywea, na ncha ya ufito hupasuka na kujikunja nje kuwa tayari kupokea chavua ya ua jingine. Kwa hiyo ua moja huwa dume kwanza, kisha jike. Kwa mdomo huu uliofungwa, mimi hupasua kwa wembe ubavu wa ua lililofunguka karibuni, nikachukua chavua kwa ncha ya brashi, na kuipeleka kwenye ua la zamani zaidi la mmea mwingine ambalo ncha za ufito wake zimeshaachana. Tumia mimea miwili iliyotokana na mbegu tofauti. Weka uzi kwenye ua ulilolihudumia.

Kifuko kikigeuka kahawia, kikate kabla hakijatoboka, kikaushe ndani ya bahasha ya karatasi. Mbegu ni ndogo kama vumbi. Zisambaze juu ya mchanganyiko uleule wa kihori uliochekechwa, usizifukie. Nyunyizia mchanga kiasi cha kuzishikilia tu. Loweshea chungu kwa kukisimamisha kwenye maji, kwa kuwa ukimwagilia juu zitasombwa pembeni. Kiache nje kwenye baridi, chini ya kioo, au kwenye friji yenye nyuzi 4 kwa wiki 6 hivi, kisha kipeleke kwenye mwanga wenye nyuzi 15. Zisipoota usivimwage vyungu. Viache vipitie kipupwe cha pili.

Miche ikipata jozi ya pili ya majani halisi, itenganishe kwa kushika jani, kamwe si shina, na uipande mmoja mmoja kwenye vichungu vyembamba na virefu ili mzizi uanze kushuka mapema. Mwanzo wa majira ya kuchipua unaweza pia kukata machipukizi ya chini yenye sentimita 2 au 3 na kuyachomeka kwenye mchanga wenye unyevu, chini ya kifuniko, kivulini. Haya hutoa mizizi ndani ya mwezi mmoja hivi, na yana faida kwamba mdomo wa ua hautabadilika.

Miche ya ziada mpe mkulima mwingine, ikiwa na kibao chenye jina, mwaka na mmea ilikotoka, ili kihori chako kikipatwa na balaa ujue pa kuomba mbegu.